"Mashine ya mzigo mzito" ni ipi hasa?

Ukipita maduka ya vifaa Mafinga, Makambako au Mbeya mjini, hukosi kumsikia mteja akiagiza "ile mashine ya kufungia mzigo mzito". Muuzaji naye, bila kuuliza lolote, anashusha rafuni kifaa cha kwanza kinachoonekana cha shoka. Wote wawili wanaagana wakiamini wameelewana. Kinachotafutwa ni kifaa cha kukazia mkanda wa chuma. Tatizo ni kwamba mashine ya jina hilo haipo.

Maana kwanza, haraka haraka. Mkanda wa chuma hufungwa kwa vifaa vitatu: kimoja hukaza, kingine, yaani koleo, hubana klipu inayoshikanisha ncha mbili za mkanda, cha tatu hukata. Vipo pia vinavyofanya yote kwa mkupuo mmoja bila klipu, kwa kuchonga mkanda uliolaliana hadi ushikane wenyewe. Kazi ya vyote ni kuufanya mzigo wa vipande vingi uwe kitu kimoja. Kuufunga mzigo huo kwenye bodi ya semi ni kazi ya minyororo na mikanda ya racheti, na anayepitisha ndoano ya winchi chini ya mkanda wa chuma ili anyanyue anatafuta msiba. Hayo wengi mnayajua.

Kinachonikera ni hilo neno "mzito". Uzito huchagua mkanda. Kifaa cha kukazia huchaguliwa na umbo la mzigo, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotea.

Chukua mkanda wa milimita 19 wenye unene wa nusu milimita. Ukikatwa, eneo lake ni milimita za mraba 9.5. Kwa chuma kinachohimili nguvu ya nyutoni 800 (kama kilo 82) kwa kila milimita ya mraba, utakatika kwenye kilo 775 hivi. Panda hadi wa milimita 32 wenye unene wa 0.8, wa chuma cha nyutoni 950, na unakaribia kilo 2,500. Kwenye klipu punguza robo hivi, maana kiungo hakiwi na nguvu kamili ya mkanda wenyewe. Kwa hiyo mzigo ukiongezeka unapanua mkanda, unaongeza unene, au unaongeza idadi ya mikanda. Kifaa cha kukazia na koleo la klipu lazima vilingane na upana na unene uliouchagua. Koleo la 19 halibani klipu ya 32 hata ukilipigia magoti. Uzito umemaliza kazi yake hapo.

Sasa umbo. Kifaa cha kawaida cha kukazia kina mguu: bamba la chuma linaloingia chini ya mkanda na kukaa juu ya mzigo. Juu ya mguu kuna gurudumu lenye meno linalouvuta mkanda kila unaposukuma mkono wa kifaa. Ukishakaza unabana klipu, unakata, halafu unauchomoa ule mguu. Mguu ukitoka, nafasi uliyokuwa umeishika inabaki tupu.

Je, nafasi hiyo ni kubwa? Kwenye mzigo bapa, hapana. Mkanda ulikuwa umeinuliwa kidogo tu, na ulegevu unaobaki haufiki hata milimita moja. Lakini weka mguu wa sentimita 15 juu ya fungu la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 30. Mguu unagusa katikati tu, ncha zake zinaning'inia hewani, na mkanda unapita juu ya hizo ncha kabla haujarudi kwenye fungu. Ukichomoa, mkanda unabaki mrefu kupita kiasi kwa sentimita 2 hivi. Na chuma hakinyumbuki cha kutosha kufidia: kikazwe hadi nusu ya nguvu yake, mkanda huo wa kwanza hurefuka milimita 2 tu kwa kila mita. Kuzunguka fungu la kipenyo hicho ni kama sentimita 94. Milimita 2 za mvuto dhidi ya 20 za ulegevu! Unaweza kukaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Ukichomoa mguu, mkanda unacheza.

Ndiyo maana kipo kifaa kisicho na mguu. Chenyewe hakiingii chini ya mkanda. Pua yake inaegemea klipu na kuisukuma, huku meno yakiuvuta mkanda kupitia ndani ya klipu hiyo hiyo, kwa hiyo ukikiondoa hakuna pengo kinaloliacha.

Barabara yetu hii ya kwenda Tunduma inapitisha maumbo yote mawili. Vifurushi vya shaba vinavyoingia Tunduma kutoka Zambia na Kongo ni bamba juu ya bamba, bapa kama meza, na kimoja kinaweza kuzidi tani mbili. Hapo kifaa chenye mguu kinatosha kabisa, mradi mkanda uwe wa kufaa. Nguzo za mikaratusi za Mufindi zikifungwa kumi kumi hazina mahali bapa pa kuweka mguu. Kwa lugha ya mteja wetu, shaba ndiyo "mzito" na ndiyo ingepewa kifaa cha kutisha, wakati nguzo ndizo zinazokihitaji kile cha pekee.

Mbao zina lao jambo. Mbao mbichi hunywea zinapokauka, na kwa kuwa chuma hakirudi kama mpira, bando lililokazwa vizuri Sao Hill linaweza kufika limelegea bila mtu kuligusa. Hilo halitibiwi kwa kubadilisha kifaa cha kukazia. Subiri zikauke, au tumia mkanda wa plastiki ngumu unaonyumbuka na kufuata mzigo.

Basi, ndugu yangu, siku nyingine dukani usianze na tani. Sema kwanza mkanda unapita juu ya nini: bapa, mviringo au mabonde mabonde, na hapo bapa pana upana gani. Kisha taja upana na unene wa mkanda. Na ukipewa kile kisicho na mguu, angalia klipu kabla hujalipa. Zile zilizo wazi, zinazopachikwa juu ya mkanda baada ya kukaza, ni za kifaa chenye mguu. Ukizisukuma kwa pua zinafunguka. Wewe unataka zilizofumba, ambazo ncha ya mkanda hupenyezwa ndani kabla ya kukaza.