Msimu wa kwanza haumpimi dogo
Huku Kigoma, vijiwe vya Mwanga mpaka Ujiji, kuna usemi umezoeleka sana kwamba dogo mwenye kipaji utamjua msimu wake wa kwanza tu, akichemka basi tulipigwa. Jamani, sio kweli, na besiboli ya Marekani inaonyesha vizuri maana wale kila kitu wanaandika.

Chukua Aaron Judge wa New York Yankees. 2016 ndo anapandishwa timu kubwa, akacheza mechi 27, kwenye zamu 84 za kupiga zinazohesabiwa akapata hiti (kupiga mpira na kufika kituo salama) 15 tu na zamu 42 akatolewa bila kugusa mpira wa maana, yani nusu nzima! Kwa hesabu ya kijiweni huyo kashafeli. Mwaka uliofuata akapiga homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja) 52 akawa mchezaji bora chipukizi wa American League, moja ya ligi mbili za besiboli kuu ya Marekani, na 2022 akapiga 62, rekodi ya ligi hiyo.

Shida ni kwamba mechi 27 ni chache mno, bahati inaingia, wapigaji wapya bado wanajifunza warushaji wa kule.

Na matarajio yenyewe nani kayaweka? Kule timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, anayetarajiwa zaidi anachaguliwa mwanzo. Brien Taylor alichaguliwa namba 1 mwaka 1991, akaumia bega, hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Mike Piazza alichaguliwa raundi ya 62 mwaka 1988, leo yuko Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa besiboli. Kwahiyo mi dogo wa mtaani namuuliza kwanza kacheza dakika ngapi, ana umri gani, kapona jeraha?