Nyaraka za Kumbukumbu ni Nini? Barua za Beckett na Dansi za Cunningham

Nyaraka za kumbukumbu ni maandishi, picha, kanda na mafaili yaliyotokana na shughuli za mtu au taasisi, yakahifadhiwa kwa kudumu kwa kuwa yanathibitisha shughuli hizo zilifanyika, na zilifanyika vipi. Kitabu huandikwa ili umma ukisome. Barua huandikiwa mtu mmoja kwa jambo lake la siku hiyo, na sisi tunaifungua miaka mingi baadaye.

Ndiyo maana mtunza nyaraka hazipangi kwa mada. Mwaka 1841 Ufaransa iliagiza kwamba nyaraka za chombo kimoja zikae pamoja, zisichanganywe na za chombo kingine, na kanuni hiyo imeenea duniani. Barua ikichomolewa kwenye jalada lake kwa sababu tu imesainiwa na mtu maarufu, inabaki yatima: hujui ilijibu nini, wala ilijibiwa nini.

Mchukue Samuel Beckett, mwandishi wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki Paris mwaka 1989. Barua zake zilizopatikana ni zaidi ya 15,000, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, nyingine kwa mwandiko unaomtoa jasho hata mtaalamu. Lakini barua ukishaituma haiko kwako tena, iko kwa uliyemtumia. Kwa hiyo barua alizomwandikia rafiki yake, mshairi Thomas MacGreevy, zimo Trinity College, Dublin, na nyingine zimetawanyika kwenye maktaba na nyumba za watu wengine.

Mwaka 1985 Beckett aliruhusu barua zake zichapishwe, ila zile tu zinazohusu kazi yake. Juzuu nne zikatoka kati ya 2009 na 2016. Mimi naona mpaka huo ni mgumu mno kuuchora. Katika miaka ya 1930 alimweleza MacGreevy jinsi moyo ulivyokuwa ukimwenda mbio na mwili ukimsumbua. Je, hayo hayahusu kazi, wakati wahusika wake wengi ni watu wanaosumbuliwa na miili yao? Jalada likikaa zima, msomaji anaweza kuamua mwenyewe.

Kwenye dansi ya kisasa mambo ni magumu zaidi, maana onyesho likiisha halipo tena. Wengi hudhani video inatosha. Haitoshi, na Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, ni mfano mzuri. Jukwaa lake halikuwa na kitovu: huyu anaruka pembeni, wale wanazunguka nyuma, na kila mmoja ana uzito uleule. Kamera ikimfuata mmoja, imewapoteza wengine. Tena mara nyingi alirusha sarafu ili bahati iamue hatua ipi ifuate ipi. Video inakuonyesha mguu ukiinuka, lakini haikwambii kwamba ni sarafu iliyouinua. Hilo utalikuta kwenye karatasi zake, zenye majedwali na vichoro vya watu wa vijiti.

Cunningham alifariki Julai 2009, na kundi lake likafunga kazi tarehe 31 Desemba 2011. Kwa dansi zake zaidi ya 80 kulitayarishwa vifurushi vya kumbukumbu vyenye video, muziki, maelezo ya mavazi, michoro ya taa na maandishi ya mazoezi. Karatasi na kanda za kundi zilikwenda maktaba ya sanaa za maonyesho ya New York. Hata hivyo, anayetaka kuzicheza upya dansi hizo bado humhitaji mtu aliyewahi kuzicheza, amshike bega na kumwonyesha uzito wa mwili uegemee wapi.

Jambo moja huwashangaza wanaofika maktaba kwa mara ya kwanza. Maktaba inaweza kumiliki karatasi bila kumiliki maneno yaliyomo. Haki ya maneno ya barua ni ya mwandishi na warithi wake, hata kama barua ilishatumwa. Kanda ya dansi inaweza kuwa na wenye haki watatu: mtunzi wa dansi, mtunzi wa muziki na aliyepiga picha. Ndiyo sababu unaweza kuruhusiwa kuitazama palepale mezani, ukakataliwa kuondoka na nakala.