Je, wajua kwa nini mabasi 20 ya umeme yanaweza kuulemea mtaa mzima wa Tanga?

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa kufua megawati 2,115. Mtu akiuliza kama nchi ina umeme wa kuchaji mabasi ya abiria, jibu la haraka ni kwamba upo. Hata hivyo, mabasi 20 tu yakilala kwenye yadi moja pale Kange, jijini Tanga, yanaweza kuwatia majirani gizani. Sababu tuitafute karibu na nyumbani: kwenye transfoma ya mtaa, na katika saa ambayo mabasi hayo yanachomekwa.

Tupige hesabu. Basi kubwa la umeme hutumia takriban uniti 1 hadi 1.5 kwa kilomita, kutegemea abiria, foleni na kiyoyozi. Ni uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Basi likizunguka kilomita 200 kwa siku, Raskazone, mjini, Kange, Pongwe na kurudi, tuseme linaingia yadini likidai uniti 240. Mabasi 20 yanadai 4,800. Kwa mji wenye viwanda vya saruji, kiasi hicho hakitishi.

Kinachotisha ni kasi ya kuzimimina. Chaja za yadini mara nyingi hutoa kilowati 60 hadi 150. Tuchukue 100: ni kama pasi 100 za kilowati 1 zimewashwa kwa pamoja mahali pamoja, kwa basi moja tu. Madereva wote wakirudi saa 2 usiku, kila mmoja akachomeka basi lake na kwenda kulala, yadi inavuta megawati 2 kwa mkupuo. Kituo cha Hale kwenye Mto Pangani, kilichoanza kufua umeme miaka ya 1960, uwezo wake wote ni megawati 21. Yadi moja inataka karibu sehemu ya kumi ya hizo, tena saa ileile ambayo Ngamiani, Chumbageni na Makorora wamewasha taa, televisheni na feni.

Umeme husafiri kwa msongo wa kilovolti 132, ukashushwa kwenye kituo cha kupozea umeme hadi 33 au 11, kisha transfoma ya kwenye nguzo huufikisha kwenye kiwango cha majumbani. Laini kubwa haishtuki kwa megawati 2. Lakini transfoma ya mtaa ya kVA 315, yaani inayobeba takriban kilowati 300, hujazwa na chaja 3 tu za kilowati 100, na hapo hatujahesabu nyumba hata moja.

Ikizidiwa, wa kwanza kuona ni walio mwisho wa laini: mkondo mkubwa hupoteza volti njiani, na wao hubaki na umeme mdogo, feni inazunguka kwa kuchoka na friji haigandishi. Waya nao hupata moto. Mkondo ukiongezeka mara 2, nguvu inayopotea kama joto huongezeka mara 4.

Kisha kuna transfoma yenyewe. Ndani yake nyaya zimevishwa karatasi maalumu na kuzamishwa kwenye mafuta. Joto likivuka kiwango, karatasi hiyo huzeeka. Wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi joto 6 hivi za ziada huongeza kasi ya kuzeeka maradufu. Hapa ndipo Tanga inanitia wasiwasi kuliko miji ya nyanda za juu. Transfoma hutegemea usiku ili ipoe, na usiku wa Januari pwani hauna baridi ya kuisaidia. Tukiyajaza mabasi saa zake za kupumzika bila mpango, haitakufa usiku huohuo. Itakufa miaka mingi kabla ya wakati wake, na mtaa hautajua kilichoiua.

Chaja pia hubadili mkondo geu (AC) wa gridi kuwa mkondo mnyoofu (DC) wa betri, na kazi hiyo huweza kuchafua wimbi la umeme. Chaja bora zina vichujio. Zisizo navyo zisinunuliwe, hata zikiwa za bei poa.

Dawa ipo, nayo ni zamu. Uniti zilezile 4,800 zikigawanywa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, mzigo unashuka kutoka kilowati 2,000 hadi wastani wa 600. Kompyuta ya yadi hupanga foleni, basi la safari ya alfajiri likitangulia. Shenzhen, China, iliyokamilisha mwaka 2017 kugeuza mabasi yake yote, yapatayo 16,000, kuwa ya umeme, huchaji sehemu kubwa usiku. Kenya nayo iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, ambayo ni nafuu zaidi saa ambazo matumizi yako chini. Kwa Tanga ningeongeza sharti moja: yadi iwe na transfoma yake, ichukue umeme moja kwa moja kwenye laini ya kilovolti 33, wala isiguse ya majirani.

Mabasi ya kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam ni habari nyingine. Safari ya kilomita kama 350 yaweza kula uniti zaidi ya 400, na betri nyingi hazifiki huko bila kuongezewa njiani. Kwa yanayopita Chalinze, mahali pa kuongezea panajulikana: umeme wa Rufiji unafika hapo kwa msongo wa kilovolti 400, na chaja kubwa mchana zingekuwa jirani kabisa na chanzo imara. Yanayokatia Msata kuelekea Bagamoyo yatahitaji kituo chao, na laini ya kukilisha ianze kuandaliwa kabla basi la kwanza halijaagizwa.