Je, wajua kwa nini vyumba vya magofu ya Kilwa Kisiwani ni vyembamba?

Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililojengwa juu ya genge la mwamba la Kilwa Kisiwani, lina vyumba zaidi ya 100, na vingi ni virefu lakini vyembamba. Si kwamba fedha zilipungua. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo. Kilichopanga upana wa vyumba vyake ni boriti ya mkoko.

Dari la Kiswahili ni zito mno. Boriti hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa na kokoto ambalo hupigiliwa kwa magongo mpaka lishikane. Boriti ikizidi mita 2.8 hivi hupinda katikati. Dari hupasuka, mvua hupenya, na mti huoza. Kwa hiyo fundi aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Oman na nchi za Ghuba, zilikopelekwa boriti kutoka pwani yetu, nyumba nyingi za kale zina vyumba vyembamba vivyo hivyo.

Chokaa nayo ilitaka subira. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha majivu yale meupe yakaachwa miezi yanyeshewe. Chokaa ikitumiwa mapema, punje ambazo hazijaiva huvimba ndani ya ukuta na kubandua lipu. Kwa mihrabu na fremu za milango walitumia tumbawe bichi kutoka baharini: likiwa na maji huchongeka kirahisi, likikauka huwa gumu.

Ukitaka kuona walivyoikwepa boriti, nenda Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, na ilikuwa na paa bapa. Ingia ile kubwa ya kusini uangalie juu: kuba na matao, ambayo hubeba uzito wake yenyewe na kuuteremsha kwenye nguzo. Hata hapo walijifunza kwa gharama. Nguzo za mwanzo, zilizochongwa kila moja kwa jiwe moja la tumbawe, hazikuhimili. Zilizopo leo, zenye pembe nane, zilijengwa upya kwa mawe na chokaa.

Kwenye majumba, tafuta safu ya matundu juu ya kuta. Hapo ndipo vichwa vya boriti vilipokaa. Dari likishaanguka, maji huingia kwenye ukuta kwa juu na mizizi ya miti huupasua. Upande wa pwani, mawimbi hula msingi. Kuziba nyufa kwa saruji ni kosa kubwa, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko chokaa na hufungia unyevu na chumvi ndani.

Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka kwa boti. Vuka asubuhi, kwani magofu yametawanyika na kivuli ni haba. Chukua maji ya kunywa na viatu vilivyofunga miguu. Vigae vya vyungu vya kale utakavyoviona chini viache palepale: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda. Ukitaka kufika na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, muulize nahodha saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kulipa nauli, maana maji yakitoka utatembea kwenye tope la mikoko.