Leza haioni nywele, inaona weusi

Karibu kila anayekuja kwangu kuondoa nywele kwa leza huanza kwa kuuliza kama inauma. Inauma kiasi, na nitafika hapo. Swali ninalotamani kuulizwa, na ambalo wachache mno huliuliza, ni hili: mashine yenu inatoa mwanga wa aina gani? Kwa mwenye ngozi nyeusi, jibu lake laweza kuamua kama atatoka na ngozi laini au na malengelenge.

Leza haijui unywele ni kitu gani. Ni mwanga wa rangi moja unaopenya ngozi na kunyonywa na melanini, ile chembe inayozipa nywele weusi wake na ngozi rangi yake. Melanini ikinyonya mwanga hupata moto, kama shati jeusi linavyokuchoma juani kuliko jeupe. Moto huo ukitosha huunguza seli zinazouotesha unywele. Mwaka 1983, madaktari wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, waliandika katika jarida la Science kanuni tunayoitegemea hadi leo: ukichagua vizuri urefu wa mawimbi ya mwanga, na kuurusha kwa kitambo kifupi sana, utaunguza ulichokilenga ndani ya ngozi na jirani zake wabaki salama.

Ndiyo maana mvi hazisikii leza. Nywele za rangi ya dhahabu nazo hivyo hivyo, na nyekundu hazina nafuu kubwa. Mwenye mvi kidevuni asitumie hela yake huku. Ipo elektrolisisi, ambapo sindano nyembamba huingizwa kwenye tundu la kila unywele na kupitishwa umeme. Inachosha, lakini haichagui rangi.

Sasa tatizo letu weusi. Ngozi yetu nayo imejaa melanini, na mwanga lazima uipite kabla ya kuufikia mzizi. Leza ya alexandrite, yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 755, hunyonywa sana na melanini. Inamfaa mweupe mwenye nywele nyeusi, ila kwetu huunguza juu kabla ya kufika chini. Dayodi, ya karibu nanomita 810, iko katikati, na mikono yenye uzoefu huitumia kwa tahadhari. Ile ya Nd:YAG, yenye nanomita 1064, hunyonywa kidogo na melanini na kuzama ndani zaidi. Ngozi ya juu inapona, na mzizi, kwa kuwa melanini yake imerundikana mahali pamoja, bado unapata moto wa kuutosha. Kwa ngozi nyeusi sana hiyo ndiyo naitumia. Usione haya kuuliza, na kama anayekuhudumia hajui mashine yake ni ipi, chukua mkoba wako uondoke.

IPL, ambayo watu wengi huiita leza, siyo leza. Ni mmweko wa mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, na vifaa vingi vinavyouzwa vya kutumia nyumbani ni vya aina hiyo. Soma maelezo ya kwenye boksi: vingi vimekatazwa kwa ngozi nyeusi, na vingine vina kihisi kinachogoma kuwaka kikigusa ngozi yenye weusi uliozidi. Kikigoma, usikilazimishe.

Jambo la pili ni subira. Nywele hazioti kwa pamoja. Zipo zinazokua, zipo zinazojiandaa kudondoka, zipo zilizopumzika. Leza huzipata vizuri zile zinazokua, kwa sababu ndizo zilizoshikana na mzizi wenye melanini. Zilizobaki utazisubiri ziamke. Hivyo kwa kawaida mtu huhitaji kati ya mara 6 na 8, wengine zaidi, wiki 4 hadi 6 zikipita kati ya mara moja na nyingine kwa uso, na zaidi ya hapo kwa miguu. Anayekuahidi kumaliza kwa siku moja anakudanganya mchana kweupe.

Kutokana na hilo, usinyonyoe. Waksi, uzi na kibanio viwekwe kando kwa wiki 4 hadi 6 kabla, maana ukishang'oa unywele umeondoa shabaha yenyewe. Wembe ruksa, tena njoo umenyoa jana yake. Unywele uliobaki nje huungulia juu ya ngozi na kuichoma bure. Na hapana, wembe hauongezi unene wa nywele.

Kabla ya yote tunajaribu mahali padogo na kusubiri siku kadhaa, kwani ngozi nyeusi hulalamika kwa kuchelewa. Niambie dawa unazotumia, hasa za chunusi na antibiotiki kama doxycycline, na krimu ya kung'arisha ngozi kama ipo. Mjamzito namwambia asubiri hadi ajifungue. Juu ya tatuu hatupigi, na karibu na jicho hatupigi kabisa.

Siku yenyewe unavaa miwani ya kuzuia leza, nami navaa. Kila mpigo ni kama mpira wa kubania nywele uliovutwa ukakuchapa, na harufu ya nywele zilizoungua itakufikia puani. Baada ya dakika chache, kila tundu la unywele huinuka kidogo na kuwa na duara la wekundu, ambalo kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama weusi uliokolea. Mteja hushtuka, mimi hufurahi: mwanga umefika ulikotumwa. Krimu ya ganzi usijipake mguu mzima na kuufunga na nailoni nyumbani. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hilo baada ya vifo.

Wiki moja au mbili baadaye utaona nywele kama zinaota. Zinasukumwa nje. Ukijifuta taulo zitabaki kwenye taulo. Ziache zitoke zenyewe, na eneo hilo likinge na jua.

Je, nywele huondoka moja kwa moja, zisirudi tena? FDA yenyewe huruhusu kusema nywele zimepunguzwa kwa kudumu, haisemi zimekwisha. Kwa mwanamke anayeota ndevu huku hedhi yake haina mpangilio, napima homoni kwanza. Kama chanzo ni ovari zenye vifuko vingi, leza itafyeka na mwili utaotesha tena. Wapo pia wachache ambao nywele za uso au shingo huongezeka badala ya kupungua. Hilo hutokea, na nalisema mapema.

Wanaonufaika kuliko wote, kwa maoni yangu, siyo wanaotafuta urembo. Ni wanaume wenye vipele vya ndevu, ambao unywele wao uliojikunja hurudi kuchoma ngozi, ikavimba, ikaacha madoa na hata makovu. Nywele zikipungua na kuwa nyembamba, vipele hukosa chanzo. Ila huwa nawauliza kwanza kama wana hakika hawatataka kufuga ndevu siku zijazo, na wengine hurudi nyumbani kufikiri.