Je, wajua kwa nini filamu inayokejeli matangazo ilijazwa nembo bila kulipwa hata senti?

Ukiitazama Josie and the Pussycats, filamu ya vichekesho ya vijana iliyoingia kwenye kumbi za sinema za Marekani Aprili 2001, utazijua nembo kabla hujazijua sura za wahusika. Ndege ya bendi ya wavulana imepambwa ndani kwa ile alama nyekundu ya duka la Target. Msichana anaoga katikati ya nembo za McDonald's. Tangi kubwa la samaki lina jina la maji ya Evian. Karibu kila onyesho lina chapa ya kitu fulani, na mtazamaji husema papo hapo kwamba hawa wamekula pesa za matangazo. Hawakula. Harry Elfont na Deborah Kaplan, walioandika hadithi na kuiongoza filamu, walizipachika nembo hizo kwa hiari yao, na wenye chapa hawakulipa chochote ili waonekane.

Sababu imo ndani ya hadithi yenyewe. DuJour ni bendi ya wavulana iliyo kileleni. Siku moja wanamuuliza meneja wao, Wyatt Frame (Alan Cumming), kuhusu sauti ya ajabu waliyoisikia chini ya muziki wao. Wyatt hajibu. Anaruka na parachuti pamoja na rubani, ndege inaachwa iende zake. Sasa anahitaji bendi nyingine upesi, na katika mji mdogo wa Riverdale anawaokota Josie (Rachael Leigh Cook), Valerie (Rosario Dawson) na Melody (Tara Reid). Ndani ya wiki wamekuwa namba moja nchini. Nyuma ya pazia yuko Fiona (Parker Posey), mkuu wa kampuni ya rekodi iitwayo MegaRecords, ambaye kwa ushirikiano na serikali anaficha amri ndani ya nyimbo: nunua hiki, kitupe kile, rangi ya jana imepitwa, ya leo ni hii. Sauti inayotoa amri hizo ni ya yule bwana ambaye Wamarekani wa miaka hiyo walimsikia kila walipopiga simu ya Moviefone kuuliza saa za sinema. Kwa watazamaji wa kwao huo pekee ulikuwa mzaha.

Wahusika hawakubuniwa na wawili hao. Josie alianza mwaka 1963 kwenye vitabu vya katuni vya kampuni ya Archie, kwa mkono wa mchoraji Dan DeCarlo, na mwaka 1970 akapata mfululizo wa katuni wa televisheni. Elfont na Kaplan walichukua jina ambalo tayari lilikuwa bidhaa, wakaliingiza katika soko la muziki la wakati wao. Soko hilo lilikuwa limechemka kwelikweli. Machi 2000 bendi ya *NSYNC iliuza nakala milioni 2.4 za albamu moja nchini Marekani kwa wiki moja. Nani asingejiuliza kama kuna dawa imewekwa ndani?

Ili kuona mzaha wa nembo ulivyofanya kazi, na ulivyokwama, lazima ujue bidhaa huingiaje kwenye filamu za kawaida. Skripti ikishakamilika, hupitiwa onyesho kwa onyesho na kuorodheshwa kila kitu kitakachoonekana: gari, simu, soda, viatu. Orodha hiyo huenda kwa mawakala wanaowakilisha kampuni. Kinachojadiliwa ni ngazi. Ya chini kabisa ni kopo kukaa nyuma kwenye rafu. Inayofuata ni mwigizaji kulishika na kunywa. Ya juu ni kulitaja kwa jina. Malipo si lazima yawe fedha taslimu; mara nyingi kampuni hutoa bidhaa za bure au huitangaza filamu kwa gharama zake. Kampuni ya Hershey walifanya hivyo na filamu ya E.T. mwaka 1982: peremende zao za Reese's Pieces zikatokea kwenye filamu, nao wakaahidi kutumia dola milioni moja kuitangaza, baada ya kampuni ya Mars kukataa peremende zao za M&M's zitumike.

Mambo hayaendi sawa kwa njia nyingi. Mhariri anakata onyesho lote na kopo likaenda nalo. Mwigizaji anashika chupa huku kidole kimeziba jina. Kampuni inasikia kwamba anayetumia bidhaa yake ni jambazi wa hadithi, inajitoa. Pale ambapo hakuna makubaliano, na wanasheria wa studio hawataki usumbufu, fundi wa vifaa hufunika nembo kwa utepe au hubandika lebo ya kubuni. Ndiyo maana kwenye filamu nyingi utaona bia isiyouzwa duka lolote duniani.

Kanuni kuu ya kazi hiyo ni moja: bidhaa iwe na sababu ya kuwepo. Mtu ana kiu, anafungua soda. Anachelewa, anapanda gari la aina fulani. Mtazamaji asishtuke. Elfont na Kaplan waliipindua kanuni hiyo. Nembo zao ni kubwa mno na ziko pasipo sababu yoyote, kama hizo za bafuni. Nembo inayotakiwa kupenya taratibu inakupiga usoni, na kwa kuwa hadithi inahusu amri zilizofichwa, picha inakuonyesha amri ambazo hakuna aliyejali kuzificha. Kwa maoni yetu huu ndio ufundi bora zaidi wa filamu nzima, kuliko hata mistari yake ya kuchekesha.

Basi ulikwama wapi? Kwanza, risiti haionekani kwenye kioo. Nembo halisi iliyowekwa bure na nembo halisi iliyolipiwa zinafanana kabisa. Wangetumia chapa za kubuni, kila mtu angejua ni kejeli, lakini kejeli yenyewe ingepungua ukali, kwa sababu hakuna anayetamani kiatu ambacho hakipo. Pili, filamu ilitangazwa kana kwamba ni ya wasichana wadogo wanaopenda bendi, na waliovutwa na tangazo hilo sio waliokuwa wakisubiri kejeli juu ya ulaji. Wakosoaji wengi waliona unafiki. Roger Ebert aliipa nusu nyota. Bajeti inayotajwa ni takriban dola milioni 39, na mapato ya sinema hayakufika milioni 15.

Sasa tuje kwenye ile sauti. Je, inawezekana kuficha amri ndani ya wimbo na msikilizaji akatii?

Anza na sikio. Maneno tunayaelewa hasa kwa masafa ya kati ya Hz 300 na 3,400 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), ndiyo maana simu ya zamani ilipitisha hayo tu na bado tukaelewana. Bahati mbaya kwa Fiona, gitaa, kinanda na sauti ya mwimbaji vimejaa papo hapo. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kimasafa. Ukiweka msemaji desibeli 20 chini ya muziki, kimo cha mawimbi yake ni sehemu moja ya kumi ya kimo cha muziki, na maneno yake yanapotea. Mpandishe hadi aeleweke, na tayari anasikika. Hapo si siri tena. Kumhamishia juu ya uwezo wa sikio hakusaidii, kwani sikio la kijana mzima hufika karibu Hz 20,000, nayo sauti ya CD husampuliwa, yaani hupimwa, mara 44,100 kwa sekunde, hivyo haiwezi kubeba chochote kinachozidi Hz 22,050. MP3 ni kikwazo kikubwa zaidi. Mfumo wake unabana faili kwa kutupa sauti ambazo sikio halitazisikia kwa sababu zimefunikwa na nyingine, kwa hiyo amri iliyofichwa ingekuwa ya kwanza kutupwa. Filamu ilitoka wakati vijana wenyewe wanabadilishana MP3 kwa mamilioni. Mpango wa MegaRecords ungekufa mikononi mwa wateja wake.

Josie anaigundua siri kwa kutumia meza ya kuchanganyia sauti, na sauti ya chini inasikika. Hilo linawezekana ikiwa una kanda asilia ambamo kila chombo kina njia yake: shusha zote, bakiza moja. Kwenye CD iliyokwisha kuchanganywa na kubaki njia mbili, kushoto na kulia, hakuna kitufe cha kushusha gitaa peke yake. Lakini ukiwa na matoleo mawili ya wimbo uleule, moja safi na moja unaloshuku, kuna jaribio la kuaminika ambalo hata programu ya bure kama Audacity inalimudu. Pakia yote mawili. Yapange yaanze pamoja, sampuli kwa sampuli, si kwa kukadiria macho. Pindua wimbi la toleo moja, juu liwe chini. Kisha yachanganye. Kila kilicho sawa kinafutana na kubaki kimya. Kilichoongezwa kinabaki peke yake, kama kipo. Yakipishana kwa sampuli chache tu, utabaki na mchakacho mwembamba wa sauti kali. Moja likiwa MP3 na jingine WAV, faili lisilobanwa, utasikia mabaki ya kubanwa kwa faili, yanayogugumia kama mtu anayenong'ona ndani ya maji, na ni rahisi kudhani hapo ndipo amri ilipofichwa.

Hofu hii ya ujumbe uliofichwa ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1957 mtafiti wa masoko James Vicary alitangaza kwamba kwenye sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, alimulika maneno ya kuhimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa 1/3000 ya sekunde kila sekunde tano. Picha moja ya filamu hukaa kwenye kioo 1/24 ya sekunde, muda mrefu kuliko huo, hivyo kuchomeka picha ndani ya mkanda kusingetosha. Alidai ana mashine yake ya pembeni. Mauzo ya bisi, alisema, yalipanda karibu asilimia 58, na ya Coca-Cola asilimia 18. Dunia ikashtuka. Mwaka 1962 alikiri hadharani kwamba takwimu alizokuwa nazo zilikuwa haba mno kuwa na maana.

Kabla ya kukiri kwake, televisheni ya taifa ya Kanada ilikwishajaribu. Mwaka 1958 CBC ilimulika mara 352, ndani ya kipindi kimoja, maneno ya kumtaka mtazamaji apige simu. Simu hazikuongezeka. Watazamaji walipoulizwa wakisie ujumbe ulikuwa nini, wengi walisema walisikia njaa au kiu, kwa sababu kisa cha bisi na soda walikuwa wamekisoma magazetini. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake waligawa kaseti zilizodaiwa kuficha ujumbe wa kuongeza kumbukumbu au wa kujiamini, ila baadhi wakazibadilishia lebo bila wasikilizaji kujua. Waliodhani wana kaseti ya kumbukumbu waliona kumbukumbu imepanda, hata kama ndani mlikuwa na ile nyingine. Kilichofanya kazi kilikuwa lebo. Nao watafiti Vokey na Read wa Kanada walionyesha mwaka 1985 kwamba maneno yaliyochezwa kinyumenyume hayaeleweki hata kidogo, ingawa msikilizaji anaweza kutambua kama msemaji ni mwanamke au mwanamume.

Kuna tundu moja dogo. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi, Karremans na wenzake, walimulika jina la kinywaji cha Lipton Ice kwa haraka isiyoonekana, na waliokuwa na kiu walielekea kuichagua zaidi papo hapo. Wasio na kiu hawakujali. Umbali kati ya hapo na kijana kubadilisha kabati zima la nguo ni mrefu sana. Kinachosogeza chapa zaidi ni kuiona mara kwa mara, waziwazi, hadi jina liwe la kawaida kinywani, jambo ambalo mwanasaikolojia Robert Zajonc alilieleza kisayansi mwaka 1968, na ndilo lililokuwa likifanywa na hizo nembo za bafuni.

Albamu ya filamu nayo ilifuata njia yake. Sauti ya Josie unayoisikia kwenye nyimbo ni ya Kay Hanley wa bendi ya Letters to Cleo. Babyface alikuwa miongoni mwa watayarishaji, na Adam Schlesinger wa Fountains of Wayne miongoni mwa watunzi. Wakati sinema zikiwa tupu, albamu ilipata cheti cha dhahabu nchini Marekani, yaani nakala nusu milioni, na mwaka 2017 ilitolewa upya kwenye santuri. Sinema na albamu zilibeba jina lilelile na nyimbo zilezile. Tofauti ni kwamba albamu haikuhitaji mtu aelewe mzaha.

Ukiipata filamu hii, kaa na rimoti mkononi dakika za mwisho. Mtu wa serikali anaeleza kwa nini mpango wa nyimbo unafungwa: wamegundua kwamba ujumbe uliofichwa unafanya kazi vizuri zaidi kwenye filamu. Hapo maandishi yanapita kasi kwenye kioo, yakiisifu filamu hiyohiyo na kukushauri ujiunge na jeshi.