Kitasa cha namba kwenye nyumba ya wageni: anza na mlango

Mgeni anayeshuka Miritini na treni ya usiku hufika Nyali au Bamburi kabla hakujapambazuka, na ni wachache wanaotaka kuamka saa kumi usiku kumpelekea mtu ufunguo. Ndiyo sababu vitasa vya namba vinauzika sana kwa wenye nyumba za wageni. Lakini kitasa kikigoma hapa Pwani, ni nadra kosa kuwa kwenye saketi yake. Tafuta kwanza kwenye mlango uliovimba, betri isiyofaa, chumvi, au saa iliyosajiliwa vibaya.

Kabla hujanunua chochote, funga mlango kwa ufunguo ulio nao sasa. Kama huna budi kuuvuta kidogo au kuuinua ndipo komeo liingie, usinunue bado. Mkono huongeza nguvu bila mwenyewe kujua. Mota ya betri nne haina nguvu hiyo. Wakati wa masika mbao hunywa unyevu na kutanuka, na kusi ikivuma, mlango unaoelekea bahari hukandamizwa hadi ulimi wa kitasa ukabanwa kwenye bamba la mwimo, kile chuma cha fremu kinachopokea ulimi. Mwambie fundi aurande hadi ubaki mwanya wa milimita 3 hivi pande zote, kisha apake vanishi kwenye kingo zote, ya juu na ya chini pia. Hizo mbili mafundi huziacha kavu kwa kuwa hazionekani, na ndizo zinazonyonya maji zaidi. Bawaba zikiwa zimelegea, badilisha skrubu uweke ndefu zaidi.

Kipimo cha kujua kosa liko wapi ni rahisi: endesha kitasa mlango ukiwa wazi, halafu ukiwa umefungwa. Kikizunguka bila kelele ukiwa wazi na kunguruma ukiwa umefungwa, kitasa ni kizima. Chukua patasi upanue tundu la bamba, milimita 1 au 2 zinatosha.

Vipimo vya kwenda navyo dukani ni vitatu: unene wa mlango, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya hendeli (mara nyingi milimita 60, lakini pima), na upande unaofungukia. Mlango wa mbao ngumu wa zamani unaweza kuzidi milimita 55, na hapo skrubu za kitasa hazifiki upande wa pili. Mlango wa nakshi wa Mji wa Kale usiutoboe kabisa. Lile ni eneo la hifadhi, na mlango wenyewe una thamani kuliko vitasa vyote vya nyumba. Kitasa cha namba kiweke kwenye mlango wa chumba, wa nje uache na komeo lake.

Jambo moja husahaulika mno: grili. Fleti nyingi zina geti la chuma mbele ya mlango wa mbao, lenye kufuli ya kawaida. Ukiacha kufuli hiyo, mgeni bado anahitaji ufunguo, na pesa zako zimekwenda bure. Ama grili ibaki wazi, ama ipate kitasa chake cha kustahimili mvua.

Wakati wa kufunga, toboa kutoka pande zote mbili za mlango, matundu yakutane katikati, la sivyo mbao itachanika upande wa kutokea. Waya unaounganisha kipande cha nje na cha ndani upitishe juu ya mwili wa kitasa kwa utaratibu. Ukibanwa, kitasa hakiwaki, au kinawaka na kumaliza betri kwa siku chache. Kile chuma cha pembe nne kinachobeba hendeli mara nyingi kina alama ya mshale. Ukikiweka kinyume, hendeli ya nje inaweza kufungua mlango bila namba yoyote. Malizia skrubu kwa bisibisi ya mkono, kwani ukikaza kupita kiasi hendeli hushindwa kurudi. Jaribu mara kumi mlango ukiwa wazi kabla hujaufunga hata mara moja.

Sasa betri. Tumia alkalaini za AA, nne mpya kwa pamoja, za aina moja. Yale mawe ya bei rahisi ya tochi huvuja, na maji yake hula vishikizo. Betri za kuchaji nazo hazifai: kila moja ni volti 1.2, nne ni 4.8, na hapo ndipo vitasa vingi huanza kulia kwamba betri imeisha. Za lithiamu zina tatizo la kinyume: volti hukaa juu hadi mwisho kabisa, kisha huanguka ghafla, na onyo linakuja limechelewa. Andika tarehe kwa kalamu ndani ya kifuniko.

Kuhusu intaneti, ninapendelea kitasa ambacho namba zake zinatengenezwa kwa hesabu ya siri pamoja na saa. Programu ya simu inatoa namba, kitasa kinaikubali bila kuwasiliana na yeyote. Stima ikipotea na ruta kuzima, mgeni anaingia. Vya waifai moja kwa moja humaliza betri haraka, na kuta nene za mawe ya matumbawe hula mawimbi.

Ila mfumo huu unategemea saa. Kenya iko saa 3 mbele ya Greenwich, China, vinakotoka vitasa vingi, saa 8. Kitasa kikibaki na saa ya China, kinatangulia kwa saa 5. Namba inayoisha saa nne asubuhi itakufa saa kumi na moja alfajiri, na mgeni aliyetoka kutazama jua likichomoza atarudi akute mlango haumtambui. Kagua ukanda wa saa siku ya kusajili. Tena, katika mifumo kadhaa namba isipotumika ndani ya saa 24 tangu ilipoanza, hufa yenyewe. Mgeni aliyechelewa siku mbili mpe mpya. Na kwenye ujumbe andika “saa nne asubuhi (10:00)”, maana mgeni wa Bara anaweza kuona 4:00 ya programu, yaani saa kumi, akadhani ni saa nne.

Chumvi haina huruma na aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya fedha, huvimba vipele. Karibu na ufuo chagua chuma cha pua cha daraja la 316, ukifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki. Ukitia silikoni ya kuziba maji, zungusha juu na pembeni mwa kitasa tu, chini paache wazi maji yatoke.

Alama za vidole za wageni sizipendekezi. Kidole kilichotoka baharini, au chenye mafuta ya kukinga jua, hakisomeki vizuri, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hizo ni taarifa nyeti utakazowajibika nazo. Namba ya tarakimu 6 kwa kila mgeni inatosha, na ya mfanyakazi wa usafi iwe yake peke yake.

Ufunguo wa dharura ujaribu kila mwezi, ukitia unga wa grafiti na si mafuta, kwa kuwa mafuta hushika vumbi. Kama kitasa kina vishikizo vya betri ya volti 9 kwa nje, nunua moja umwachie askari wa geti, na umwonyeshe jinsi ya kuishikilia pale huku mgeni akibonyeza namba. Wengi huihifadhi kwenye droo ya jikoni, ndani ya nyumba iliyofungwa.